Mkono Chini ya Kanga

Walikuwa wameshavunja kidole cha kwanza nilipofika. Mkwe wangu Masudi alikuwa amelazwa kifudifudi chini ya mti, vijana wawili wamemkalia mgongoni, wa tatu amemshika kiwiko ili mkono wa kulia usitoke juu ya jiwe. Jiwe lenyewe lilikuwa limebebwa kutoka kambini, lile bapa wanalopondea mawe ya dhahabu. Kidole chake kidogo kilikuwa kimesambaa juu yake kama nyanya iliyokanyagwa. Alikuwa hapigi kelele tena. Alikuwa anahema kwa mdomo tu, kama mbuzi aliyefungwa miguu.

Mwigulu alikuwa amesimama juu yake na nyundo ya mpini mfupi, akiuliza swali lile lile.

"Umemzika wapi?"

Saa mbili asubuhi hiyo nilikuwa nyumbani Ushirombo nachuja asali. Simu ilipigwa na Zakia, mama lishe wa kambini, mwanamke wa Kahama anayefahamiana na ukoo wa Masudi. Hakusalimia. Alisema wachimbaji wamemkamata mkwe wangu msituni penye mizinga yetu, wanasema ameua mtu na kumkata mkono, na dumu la petroli limeshaletwa. Nikamuuliza wako wangapi. Akasema ni wengi, nije.

Binti yangu Salome alikuwa jikoni, mimba ya miezi saba. Nilimwambia mume wake kaumia kidogo, nakwenda kumchukua, yeye asitoke. Nikapiga simu polisi. Waliitikia vizuri, lakini kwa gari, barabara ikiwa imelowa, ni mwendo wa saa mbili kufika kule. Kwa bodaboda ni dakika arobaini. Nilichukua kisu cha kukatia masega, nikakifunga kiunoni, nikapanda.

Rashi ile ya dhahabu ilianza mwezi wa nane. Mtu mmoja aliokota dhahabu kwenye korongo pembeni ya msitu, na kabla ya mwezi kuisha kulikuwa na maturubai kila mahali na watu kutoka Tarime, Singida, Kigoma na Mwakitolyo. Kila siku waliingia msituni kukata matimba, yaani magogo ya kuzuia kuta za shimo zisiwaporomokee. Niligombana nao mara mbili kwa sababu ya miti yenye mizinga yangu, na sikuchagua maneno. Kwa hiyo nilipojipenyeza katikati yao asubuhi hiyo, hakuna aliyenipisha kwa heshima. Niliwapiga viwiko mpaka nikafika mbele.

Huyu Mwigulu nilimjua. Alikuwa mwenye duara, ndiyo kusema shimo lilikuwa lake na vijana kumi na wanane walichimba chini yake. Mtu wa Singida, mrefu, mpole siku nyingine zote. Alikuwa ananunua asali kwetu kwa ajili ya kifua. Mdogo wake, Edward, alitoweka kambini Ijumaa. Siku hii ilikuwa Jumatano. Siku zote hizo Mwigulu alishuka kwa kamba kwenye kila shimo lililoachwa, peke yake, akimwita. Na kambini kulikuwa na yale maneno ambayo hayaishi kwenye machimbo, kwamba wapo watu wanaokata viungo vya wenzao ili duara litoe dhahabu.

Asubuhi hiyo vijana waliokwenda kukata matimba walisikia harufu ya mzoga. Wakaifuata. Chini ya mti wenye mzinga wa Masudi wakaona mkono mwekundu umetoka ardhini, vidole vimeelekea juu, nzi wamejaa. Hatua thelathini kutoka hapo alikuwa Masudi mwenyewe, ana panga lenye wekundu na shati lenye madoa mekundu. Alikuwa ametoka kukata tawi la mninga ili atundike mzinga. Mninga ukiukata unatoa utomvu kama damu. Mtoto yeyote wa Bukombe analijua hilo. Hawa hawakuwa watoto wa Bukombe. Masudi aliwaambia ni utomvu. Wakampiga mdomoni kwa bapa la panga lake, meno mawili yakatoka.

Mwigulu alipoitwa, kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kuomba kanga ya Zakia na kuufunika ule mkono. Na ulipofunikwa basi ukawa maiti. Watu zaidi ya mia, na hakuna aliyeugusa, hakuna aliyeinama kuutazama vizuri, kwa sababu maiti ya mtu haichezewi.

Mimi harufu niliisikia kabla sijaiona kanga. Nilikuwa nimeisikia mara moja tu maishani, nikiwa mwaka wa pili chuo cha misitu, mwalimu alipotupeleka porini na mwenzetu mmoja akatapika juu ya viatu vyake. Ni mzoga, lakini kuna utamu ndani yake, kama papai lililooza. Nikatazama nzi. Damu mbichi ya Masudi ilikuwa pale juu ya jiwe na nzi walikuwa wachache. Kwenye kanga walikuwa weusi. Nikatazama ukingo wa kanga, kwenye majani makavu, nikaona mayai matatu meupe, yamezama nusu udongoni, ukubwa wa yai la bata.

Nikasema huo ni uyoga.

Walinicheka. Si wote, wale wa mbele. Kisha mwanamume mmoja mwenye sururu begani akaniuliza kama ni uyoga, ni uyoga gani, unaitwaje. Lilikuwa swali la haki. Kwetu uyoga unaoliwa una majina, kila aina na lake. Usioliwa hauna jina. Unaupiga teke, unaendelea na safari. Ningemjibu hivyo, tena wanawake waliokuwa pale wangenielewa.

Badala yake nikafanya kosa la mtu aliyesoma. Nikataja jina la Kilatini nililolikariri kwa ajili ya mtihani. *Clathrus archeri*. Nikalitaja kwa sauti, mara mbili, ili wa nyuma nao wasikie.

Kisha mtu nyuma yangu akasema taratibu, "Mmesikia. Anakiita."

Kuanzia hapo hata mimi nikawa mmoja wa wale wanaokata viungo. Mtu akanishika kilemba akakivuta. Nikamwambia Mwigulu afunue ile kanga, aishike kwa mkono wake mwenyewe, ataona. Akaniangalia kama mtu ambaye hajalala siku tano.

"Mwili wa mdogo wangu sitaufunua mbele za watu, mama Salome."

Nyundo ikashuka. Kilikuwa kidole cha pete, na ukingo wa nyundo ukala na cha kati. Sauti haikuwa kubwa, ilikuwa kama ya kuvunja muwa. Masudi aliinua kichwa, akafungua mdomo wenye damu, akaita mama. Mama yake amekufa miaka mingi. Mpaka leo sijui alikuwa anamwita nani.

Mwigulu aliuliza tena amemzika wapi. Ndipo lile dumu likasogezwa. Wale vijana wakaondoka mgongoni kwake haraka, wasilowe, na petroli ikamwagwa kuanzia kisogoni mpaka miguuni. Iliingia kwenye vile vidole akajikunja kama mnyoo. Kiberiti kilikuwa kwa Chacha. Huyu alikuwa msimamizi wa duara, mtu wa Tarime, mwenye shingo nene na maneno machache. Walimpa kiberiti kwa sababu walijua hatawasha kabla ya wakati.

Lazima nieleze jambo moja hapa, vinginevyo kilichofuata hakitaeleweka.

Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawashikani mkono. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni. Masudi ni Mwislamu wa Kahama, lakini mama yake alikuwa wa huku, na mwiko huu aliushika kuliko hata vijana wetu. Kwa miaka miwili ya ndoa yake alikuwa akija nyumbani anasimama penye ghala, hatua ishirini, anatazama pembeni, ananiamkia shikamoo. Mimi naitikia marahaba nikiwa nimempa mgongo. Chakula chake nakiweka juu ya kinu katikati ya uwanja, naingia ndani, naye anakuja kukichukua. Ndivyo tulivyoishi. Na kusema kweli, mwiko ule ulinifaa, kwa sababu sikumtaka. Salome alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi, akaiacha kwa ajili ya kijana wa darasa la saba anayepanda miti kutundika mizinga. Nilimwambia hivyo kijana mwenyewe, mgongo ukiwa umemwelekea.

Chacha alifungua kiberiti.

Nilimlalia. Sikuwaza. Kifua changu mgongoni kwake, shavu langu shingoni kwake, miguu yangu juu ya miguu yake. Walikuwa wameshamvua shati na suruali yake ilikuwa imechanwa mpaka kiunoni. Petroli ikapita kwenye gauni langu, ikaniunguza tumbo. Nilihisi mbavu zake zinapanda na kushuka chini yangu, na nilihisi alivyojaribu, hata pale, kuusogeza mwili wake usiniguse.

Umati ukarudi nyuma. Wanawake wanaogonga mawe walifunika macho. Mmoja akaniita mayu, mayu, yaani mama, kama anayelia msibani. Chacha aligeuza uso akatazama miti. Kwao Tarime jambo hili ni zito pengine kuliko kwetu.

"Mama," akasema, bila kunitazama. "Shuka juu ya mkweo."

"Sishuki. Washa."

"Mama, nakuheshimu."

"Washa, Chacha. Wachome mkwe na mama mkwe wake wamelaliana hivi hivi. Halafu mrudi mkachimbe, tuone dhahabu itakaa kwenye shimo la nani."

Nilijua ninachokisema. Watu wa duara wana miiko mingi kuliko mapadre. Kuna siku za kutooga, kuna nyama za kutokula, kuna maneno yasiyotamkwa chini ya ardhi. Wanaamini dhahabu inahama ikiona uchafu, inazama au inakwenda kwa jirani. Damu ya mtu waliyeamini ni mwuaji isingewakosesha usingizi. Lakini hili la kwangu na Masudi lilikuwa uchafu ambao hata maji ya mganga hayaondoi, na walikuwa wakiutazama kwa macho yao.

Mwigulu akasema nivutwe. Vijana wawili wakaja, wakanishika vifundo vya miguu, kisha wakaniacha kama wameshika chungu cha moto. Hakuna aliyetaka kuwa ndiye aliyetutenganisha kwa mikono yake. Mwingine alinipiga teke la mbavu kwa buti. Alirudia mara tatu. Ubavu mmoja ulivunjika, hilo nilijua baadaye hospitali; wakati ule nilisikia joto tu.

Chacha alitia kiberiti mfukoni. Akaniuliza nataka nini.

Nikamwambia alete yai moja kati ya yale matatu. Hakutaka kuligusa, akalichota kwa koleo akaliweka mbele ya uso wangu. Nilichomoa kisu kiunoni nikiwa bado nimelala juu ya Masudi. Watu wakaruka nyuma walipokiona. Nikalipasua lile yai katikati, ili waone ute, waone halina damu.

Na hapo nilikosea mara ya pili, kwa sababu nilikuwa nimesahau lilivyo ndani. Chini ya ngozi nyeupe kuna ute mzito kama mlenda, halafu rangi ya kijani iliyokolea, na katikati ya ute huo kuna vidole vyekundu vimekunjwa, vimebanana, vimelala kama mkono wa kitoto kilicho tumboni. Ndivyo ulivyokuwa. Mimi mwenyewe, niliyezaa wanne, niliurudisha mkono wangu haraka.

Mwanamke mmoja akapiga ukelele kwamba ni mimba. Jiwe la kwanza lilipita juu yetu. La pili lilinipata juu ya jicho. Sikupoteza fahamu, ila dunia ilikuwa nyekundu na ikawa inasikika kwa mbali. Damu yangu ilitiririka shingoni kwa Masudi. Nikasikia Mwigulu anamwambia Chacha ampe kile kiberiti. Chacha akasema ngoja. Mwigulu akamshika shati. Nikafumba macho nikamfikiria Salome jikoni, nimemwambia asitoke.

Ndipo Masudi aliposema. Alikuwa na shavu udongoni, jicho lake moja lilikuwa usawa wa majani. Ilikuwa mara ya kwanza anaongea nami bila hatua ishirini kati yetu.

"Mama. Lile la pembeni linapasuka."

Nikamwambia Chacha atazame. Sikupiga kelele, sikuwa na pumzi. Nikamwambia atazame lile yai la karibu na kanga, asiliondolee macho, na kila mtu atazame. Kama lile halitafanya ninachosema, awashe.

Alitazama. Walio karibu wakatazama kwa sababu yeye ametazama.

Kwanza ilikuwa ufa tu, kama wa chapati inapovimba. Ngozi nyeupe ikachanika pande mbili. Kikaja kitu chekundu, ncha zimekutana pamoja kama vidole vya mtu anayebana tonge. Kikaendelea kupanda. Zakia aliniambia baadaye muda wote ule ungetosha kusonga ugali na kuupakua. Kwangu ulikuwa mrefu kuliko uzazi wowote. Nzi walianza kuiacha kanga mmoja mmoja, wakahamia kule. Jua lilikuwa limeshapenya matawi na ule ute ulimetameta. Kisha zile ncha zikaachana. Kimoja, cha pili. Vidole vitano vikafunguka taratibu, vikaelekea juu, vimepakwa uchafu wa kijani, na harufu ikatupiga upya. Watu walikuwa wanakanyagana wakirudi nyuma. Mwingine alikuwa anasali kwa sauti.

"Chimba chini yake," nikamwambia Chacha.

Akasukuma koleo chini kabisa, akainua donge zima la udongo. Chini ya lile ganda kulikuwa na uzi mmoja mweupe kama mzizi wa kitunguu. Hakukuwa na kiwiko wala mtu. Akapiga koleo mara ya pili na ya tatu, akakuta mchanga na mchwa.

"Sasa vunja. Tafuta mfupa."

Huyu mtu nitamheshimu mpaka nife, pamoja na kile kiberiti chake. Alipiga goti, akakishika kidole cha kwanza kwa mikono yake, akakivunja. Kilikatika kama andazi bichi, ndani kuna matundu matupu. Akavunja cha pili. Akavunja vyote vitano, kimoja kimoja, akavibana kati ya vidole vyake mpaka vikawa uji. Kisha akaenda penye kanga, akaifunua. Mtu alisema asifanye hivyo. Akaung'oa ule wa kwanza, nao akauvunja wote. Akajifuta mikono kwenye suruali, akainusa, akatema mate.

"Hakuna mfupa," akasema. "Ni uyoga."

Mwigulu alimwambia avunje tena. Hakukuwa na cha kuvunja. Basi akapiga magoti mwenyewe, akaokota vile vipande, akavikamua, akavinusa, akawa anavitenganisha kwenye majani kama anayechambua mchele. Nyundo ilikuwa imeanguka karibu na goti lake. Alipoinua uso, alinitazama mimi.

"Edward yuko wapi basi?"

Aliniuliza kama mtu anayeuliza dukani. Nilikuwa nashuka juu ya mkwe wangu, na sikuweza kusimama kwa mara moja.

Sasa nitasema lililobaki, ingawa silipendi. Watu waliokuja kuua hawarudi hivi hivi. Mikono inabaki na kazi. Nilikuwa bado nimeinama pale nilipoona yule kijana aliyekuwa amemshika Masudi kiwiko, yule yule, anamtazama Mwigulu kwa namna nyingine. Akasema kwa sauti kwamba Mwigulu amewadanganya. Amewafanya wauaji, amewaletea uchafu wa mkwe kwenye machimbo, kwa sababu ya uyoga. Mwingine akaitikia. Halafu lile teke la kwanza, mgongoni, Mwigulu akiwa bado ana vile vipande viganjani.

Nilichukua ile kanga ya Zakia. Ilikuwa inanuka mzoga, lakini ndiyo iliyokuwepo. Nikamfunga Masudi kiunoni, nikachana kilemba changu nikaufunga ule mkono. Zakia alinisaidia kumnyanyua. Tulimpandisha kwenye bodaboda mshikaki, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke, mkono wake umelala mapajani mwangu kama kitu ambacho si chake. Nyuma yetu nyundo ilikuwa imeshaokotwa. Nilisikia mguu wa mtu unavunjika, na safari hii nilijua sauti ilivyo kabla haijamalizika.

Aliniita. Aliniita mama Salome, mara mbili, kama alivyokuwa akiniita akija kununua asali.

Ningeweza kurudi. Namna ya kumzuia mtu asiuawe nilikuwa nimetoka kuifanya, na mimi si mkwe wake wala nani, ningemwekea mwili tu. Nilimwambia dereva aondoke.

Njiani tulikutana na gari la polisi. Niliwaambia wafanye haraka, kuna mtu wa pili. Walimkuta hai. Zakia anasema Chacha ndiye aliyesimama juu yake na lile koleo na kumkata mtu mmoja mkononi ili wamwache. Mguu wa Mwigulu ulikatwa hospitalini, chini ya goti, na jicho moja halioni. Polisi waliwachukua vijana saba, wanne wakaachiwa wakarudi.

Edward alipiga simu Jumamosi, kutoka Mwakitolyo. Alikuwa amesikia kuna rashi mpya huko, akaondoka na lori alfajiri bila kuaga, simu yake akaiuza njiani. Alimpigia Zakia kumuuliza ni nani anayelalia godoro lake.

Masudi alitolewa vile vidole viwili hospitalini. Cha tatu kilipona ila hakikunjiki. Ukoo wa mume wangu ulidai tusafishwe, mimi naye, kwa yale tuliyoyafanya mbele za watu, na kondoo achinjwe. Sikubishana. Masudi alisema atamchinja yeye ili na yeye aweze kula, na alimchinja kwa mkono wa kushoto, vibaya, kondoo akahangaika mpaka mashemeji wakageuka pembeni. Mimi niliangalia. Baada ya hapo mambo yakarudi kama zamani: ghala, hatua ishirini, kinu.

Mjukuu wangu ana mwaka sasa. Mvua zimeanza mapema, na wiki iliyopita sokoni mama mmoja anayeuza uyoga aliniambia kwamba mwaka huu vidole vya Masudi vimeota vingi karibu na mizinga yetu. Hakusema kwa ubaya. Ndilo jina lake. Nilipouliza, wenzake wote walilijua, hata wale wa kutoka vijiji vya mbali. Usioliwa umepata jina.

Nilirudi na hasira. Jioni Masudi alikuja kumchukua mtoto, akasimama mahali pake, akaniamkia. Nikaitikia nikiwa nimempa mgongo, napepeta mtama. Nikamwambia wanavyouita ule uyoga sokoni, kwa sababu nilitaka alisikie kwangu kwanza. Mtoto alikuwa anacheza na ule mkono wake, anavuta kile kidole kisichokunjika.

"Vyangu vilikuwa na mfupa, mama," akasema.

Nilimwambia chakula kipo. Nikatoa sahani, nikaiweka juu ya kinu, nikaingia ndani ili aje aichukue.